Bila Ukurasa, Haihifadhiwi

Mwezi uliopita msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili ya tasnifu. Hoja hakuzigusa. Alichozungushia wino ni dondoo 11 ambazo sikuziandikia namba za kurasa. Vitabu nilisharudisha maktaba, vingine vimeshaazimwa. Wiki nzima nikawa natafuta kurasa, jamani. Siandiki chochote, natafuta kurasa tu.

Wenzangu wakaniambia, "Si utumie Zotero?" Ni programu nzuri, ya bure, ipo tangu 2006, na inapanga marejeo kwa mtindo unaoutaka mara moja. Siiponzi. Lakini sisi tunaofanya utafiti wa Kiswahili, naona tungeanza kwa kujitengenezea kanzidata zetu wenyewe, hata ndogo.

Mchukue Shaaban Robert. Tasnifu hii inamwita "Robert, S.", ile "Shaaban, R." Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Au TUKI, iliyokuja kuwa TATAKI mwaka 2009: taasisi ni ileile, ila kwenye orodha yako zitakaa mbalimbali kama hazijuani. Programu haiwezi kukisia hayo. Wewe unayajua, na ukijenga mwenyewe unalazimika kuyaamua.

Yangu nimeijenga kwa SQLite. Haina gharama, na kanzidata yote ni faili moja unayoweza kuibeba kwenye flashi. (Kumbe hata Zotero inatunza data zake humohumo!) Nina majedwali matatu: waandishi, vyanzo na dondoo. Mwandishi anaandikwa mara moja na kupewa namba. Kila chanzo chake kinaishika namba hiyo. Ukirekebisha jina mahali pamoja, limerekebika kote.

Ila ninachojivunia ni jedwali la dondoo. Safu ya ukurasa nimeiwekea sharti kwamba isiachwe wazi. Ukijaribu kuingiza dondoo bila ukurasa, kompyuta inagoma kuhifadhi. Kama ni mahojiano, naandika dakika ya kwenye rekodi. Yaani nimejiwekea askari mlangoni, maana najijua nikichoka usiku nasema "nitaandika kesho".

Najua mtasema muda wa kujifunza SQL hakuna. Mimi ilinichukua wikiendi mbili, na ya kwanza iliishia pabaya: niliandika amri ya kufuta bila kutaja nifute nini, jedwali zima likaondoka. Kwa hiyo nakala kwanza, jamani, ndipo majaribio. Anayeona huu ni mzigo aanze na Excel, mradi safu ya ukurasa iwepo na asijidanganye. Na ile orodha ya mwisho ya marejeo? Hiyo bado naitoa kwa Zotero, wala sioni aibu.

Katika zile dondoo 11 nimepata kurasa za tisa. Mbili nimezifuta kwenye sura, na moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa imebeba hoja yangu ya tatu.