Asilimia 10 ya dhahabu isiyoandikwa ni sifuri

Wewe kijana wa Kakamega, unajua mji wako uliwahi kuvuma hadi Uingereza kwa sababu ya dhahabu? Miaka ya 1930 watu walifurika hapa wakiitafuta, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi 1952. Leo Rosterman ni jina la mtaa tu. Hebu jiulize, doo zote zile zilijenga nini hapa?

Swali hilo limerudi. Huko Ikolomani na Shinyalu vijana wa rika lako wanashuka mashimoni kila siku, na kampuni kubwa nazo zinamezea mate dhahabu hiyo hiyo. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha, yaani ada anayolipa mwenye leseni kwa madini anayochimba, ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale yanapochimbwa. Kwenye karatasi, hiyo 10 ni madarasa, maji na dawa za zahanati.

Lakini asilimia 10 ya dhahabu ambayo haikuandikwa popote ni sifuri. Ikitoka shimoni, ikapita kwa madalali, ikavuka mpaka kimyakimya, hakuna wa kuitoza chochote. Shirika la SWISSAID lilikadiria kuwa mwaka 2022 angalau tani 435 za dhahabu zilitoka Afrika kwa magendo. Hayo ni maendeleo ya watu yaliyosafiri bila risiti.

Hapo ndipo mwanahabari anapohitajika. Waulize wazazi wako kuhusu Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ililipa kampuni hiyo fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza nje, ilhali Kenya haikuwa na almasi za kuuza. Mambo yalifichuka kwa sababu karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alitoa stakabadhi, na wabunge na magazeti wakaanika yaliyokuwemo. Munyakei alipoteza kazi, akafariki 2006 akiwa maskini.

Mwaka 2023, Al Jazeera ilipeperusha uchunguzi wake kuhusu utakatishaji wa pesa kupitia dhahabu kusini mwa Afrika, na jina la Kamlesh Pattni wa Goldenberg likatokea tena. Amekanusha, na hapa nyumbani kesi ya Goldenberg iliisha bila yeye kupatikana na hatia. Hata hivyo, Desemba 2024 Uingereza na Marekani zilimwekea vikwazo.

Kuna wanaosema habari za aina hii zinafukuza wafadhili. Kweli, Mei 2017 Marekani ilisimamisha msaada wa takriban dola milioni 21 kwa Wizara ya Afya kutokana na madai ya ufisadi. Lakini anayemfukuza mfadhili ni mwizi, si anayemtaja mwizi. Na pesa inayofuatiliwa na macho ya watu ndiyo hufika zahanati.

Kwa hivyo tunawaambia wanahabari wa magharibi: acheni kuandika hotuba za wanasiasa pekee, na nauli ya mheshimiwa msiipokee. Fuateni gramu moja kutoka shimoni hadi mnunuzi wa mwisho.

Na wewe mwenye bando, usiishie kulalamika kwenye WhatsApp. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia wizara na kaunti kuuliza mambo matatu: dhahabu kiasi gani imeandikwa, mrabaha gani umelipwa, na ile asilimia 10 iko akaunti gani. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, kisha upeleke hadithi hiyo kwa chumba cha habari. Usisambaze uvumi, karatasi moja yenye muhuri inashinda posti mia. Na aliyekupa siri kazini, usimtaje. Yaliyompata Munyakei yanatosha.

Wakati wa Rosterman, babu zetu hawakuwa na sheria ya kuulizia. Wewe unayo. Uliza sasa, kabla hatujaachiwa mashimo matupu.