Utumwa Haukuisha Mwaka 1873

Utumwa wa Zanzibar haukukomeshwa tarehe 5 Juni 1873, ingawa maandishi mengi ya watalii na wanafunzi yanashikilia hivyo. Mkataba ambao Sultani Barghash bin Said aliukubali siku hiyo, baada ya Uingereza kutishia kukizingira kisiwa kwa manowari, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko, likiwemo la Mkunazini. Kummiliki mtu kulibaki halali. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kuvunwa kwa jasho la watumwa miaka 24 zaidi.

Kuufundisha mwaka 1873 kama mwisho ni kuwafuta watu hao wote, na kuipa Uingereza sifa ya kazi ambayo maofisa wake waliichelewesha kwa kuhofia hasara ya karafuu.

Amri ya 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ndiyo iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, tena kwa masharti ya aibu. Aliyetaka uhuru alipaswa kuuomba mwenyewe mahakamani, kisha aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Mtumwa hakupewa kitu. Masuria, ambao vitabu vya shule huwataja kwa nadra, waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907. Tanganyika, hadi 1922.