Peremende Zifundishazo Sayansi

Wapo wanaowabeza vijana wanaoketi pamoja kukoroga peremende za Kijapani, wakidai ni utoto mtupu. Wadaio hivyo hawajachungulia ndani ya kikombe.

Nerunerunerune, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1986, huja ikiwa unga katika vijipakiti. Mlaji hutia maji katika unga wa kwanza wenye bikaboneti ya soda, kisha huongeza wa pili wenye asidi ya sitriki. Papo hapo gesi ya kaboni dayoksaidi hufurisha povu, na rangi hubadilika. Katika pakiti ya Popin' Cookin' ya kuigiza sushi, matone ya majimaji hujifunga utando yakafanana na mayai ya samaki, kwani alginati itokayo katika mwani hugandishwa na kalsiamu.

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Marafiki wanapobishana ni kwa nini povu limekataa kufura, hapo ndipo sayansi huzaliwa. Mwanafunzi anayekaririshwa mlinganyo ubaoni pasipo kuliona povu lenyewe amepewa ganda, akanyimwa kiini.

Walimu, msingojee pakiti kutoka Japani. Bikaboneti, ndimu na kikombe vyatosha. Waacheni wanafunzi wakoroge, wakosee, waulize.