Rimu mpya, bolti za zamani: hasara inayowasubiri wakulima wa Kizimbani

KIZIMBANI ni moja ya sehemu za Unguja zenye historia ndefu katika biashara ya mazao. Mashamba yake ni miongoni mwa yale yaliyopandwa mikarafuu ya mwanzo kabisa Zanzibar, mwanzoni mwa karne ya 19, na hadi leo eneo hilo linasifika kwa viungo, mafunzo ya kilimo na utafiti wa mazao. Hata hivyo, mdalasini, pilipili manga, mihogo na ndizi ni mazao ambayo bei yake haipatikani chini ya mti. Hupatikana mzigo ukifika Darajani au Mwanakwerekwe, au watalii wakifika shambani kununua viungo kwa mkono wao. Safari zote hizo, ya mzigo kwenda mjini na ya mgeni kuja shamba, zinategemea gari.

Sehemu kubwa ya gari hizo ni za Kijapani zilizokwisha kutumika. Nyingine huja moja kwa moja kutoka Japani, na nyingine hupitia Dubai, ambako tangu mwaka 2000 lipo eneo huru maalumu kwa biashara ya kuingiza magari na kuyasafirisha tena nje. Humo mna Toyota Hiace za abiria, Hilux za mizigo, na Suzuki Carry, ile ambayo upande wa Bara huitwa kirikuu.

Gari iliyotumika huja na mambo ya mwenyewe wa kwanza. Mojawapo ni rimu. Nyingi huwasili zikiwa zimebadilishwa rimu za chuma na kuwekwa za aloi, na zile zisizobadilishwa huko hubadilishwa hapa baada ya mwaka au miwili. Wengine hupenda sura, wengine wanataka tairi pana zaidi kwa njia za shamba, na wengine rimu zao zimepinda na wamepata nyingine kwa bei nafuu. Hakuna ubaya katika kubadilisha rimu. Tatizo ni kwamba rimu hubadilishwa, lakini bolti za tairi hubaki zile zile.

Kipimo kinachosahaulika

Mnunuzi wa rimu kwa kawaida huuliza mambo mawili tu: ukubwa wa rimu na idadi ya mashimo. Rimu ikiwa na mashimo matano na gari ina bolti tano, na zikaingia, biashara huishia hapo. Jambo la tatu, ambalo ndilo lenye hatari, halionekani kwa macho ya haraka. Nalo ni unene wa rimu pale nati inapokaa.

Rimu ya chuma hutengenezwa kwa bati nene lililokandamizwa, na mahali pa nati huwa na unene wa milimita chache tu. Aloi ni laini kuliko chuma, hivyo mtengenezaji hulazimika kuiongezea unene, mara nyingi zaidi ya maradufu. Bolti iliyotoka kiwandani ilipimwa kwa ajili ya rimu ya awali. Ikivishwa rimu nene, kipande kinachobaki nje kwa ajili ya nati hupungua.

Chukua mfano wa gari ambayo bolti zake zimetokeza milimita 25 kutoka kwenye uso wa habu. Rimu ya chuma yenye unene wa milimita 4 huacha milimita 21 za uzi, na nati hushika bila shida. Rimu ya aloi yenye unene wa milimita 12 huacha milimita 13. Hapo bado pana nafuu, ingawa ni ndogo. Lakini mara nyingi rimu hiyo mpya hugusa breki au mkono wa springi, na fundi huweka spesa ya milimita 5 ili kuisukuma nje. Sasa zimebaki milimita 8. Kwa macho, nati imefungwa na gari imependeza. Kwa hesabu, gurudumu limeshikwa na nyuzi tano.

Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Bolti ya milimita 12 inahitaji kushikwa milimita 12. Kwa Toyota nyingi ndogo, pamoja na Honda na Mitsubishi, ambazo uzi wake una hatua ya milimita 1.5, hiyo ni mizunguko minane kamili ya nati. Kwa Nissan, Subaru na Suzuki nyingi, zenye hatua ya milimita 1.25, ni karibu mizunguko kumi.

Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote. Mwenye gari huinua gurudumu kwa jeki, hulegeza nati moja kwa spana mpaka iweze kuzungushwa kwa mkono, kisha huhesabu mizunguko hadi itoke. Ikitoka kwenye mzunguko wa tano au wa sita, gari hiyo haifai kubeba mzigo hadi irekebishwe.

Kwa nini gurudumu hutoka

Wengi huamini kuwa bolti hubeba gari kama vigingi vinavyobeba kapu. Sivyo. Kinachoshika gurudumu ni mbano. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana na kuikandamiza rimu kwenye habu, na mkandamizo huo ndio unaozuia rimu isiteleze. Nati iliyoshika nyuzi chache haiwezi kukazwa ipasavyo. Fundi akiongeza nguvu, uzi huliwa. Akipunguza, mbano haupatikani.

Mbano ukikosekana, rimu huanza kucheza. Kila shimo la barabara na kila breki huipinda bolti kidogo, huku na kule, hadi mojawapo ikatike. Zilizobaki hubeba mzigo wa ile iliyokatika, nazo hufuata. Ndiyo maana ajali ya gurudumu kutoka huonekana kama ya ghafla, wakati ilianza wiki kadhaa nyuma.

Dalili huwapo kwa anayeangalia: mlio wa kugonga gari inapoanza kuondoka, usukani kutetemeka, alama za kutu zinazochirizika kutoka kwenye nati, vumbi jeusi kuzunguka mashimo ya aloi, na mashimo yenyewe kuwa na umbo la yai. Visiwani dalili hizi zina uzito zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari huzeesha chuma upesi.

Kwa mkulima, hasara ni ya tabaka zaidi ya moja. Kwanza ni roho za watu walio ndani ya gari na walio kando ya njia. Pili ni mzigo. Ndizi mbivu na mboga za majani hazisubiri fundi hadi kesho. Tatu ni bima. Wenye gari nyingi za biashara hukata bima ndogo, ambayo hulipa madhara aliyopata mtu mwingine. Gari iliyoharibika na mazao yaliyomwagika hubaki kuwa msiba wa mwenyewe.

Njia za mkato

Ufumbuzi sahihi unajulikana: kuondoa bolti fupi na kuweka ndefu zaidi, kwa kawaida zilizoongezwa milimita 10 au 20. Tatizo ni upatikanaji. Maduka mengi ya vipuri huweka bolti za urefu wa kiwandani, kwa sababu ndizo zinazoulizwa kila siku. Anayetaka ndefu huambiwa hakuna, na hapo ndipo njia za mkato huanza.

Ya kwanza ni kuunganisha kwa kulehemu kipande cha bolti nyingine. Bolti ya tairi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Moto wa kulehemu huivuruga kazi hiyo, na bolti hubaki na sehemu dhaifu pale pale inapohitaji nguvu.

Ya pili ni kuchongesha bolti kutoka nondo au chuma chochote kilichopo karakana. Bolti nyingi za tairi ni za daraja la 10.9, yaani chuma kinachostahimili mvuto wa takriban nyutoni 1,000 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Chuma cha kawaida cha kujengea hakifiki hapo. Mchongaji anaweza kutoa umbo zuri kabisa, lakini umbo si nguvu.

Ya tatu ni kuchukua bolti ndefu ya gari nyingine na kuigongea kwa nyundo. Hii peke yake yaweza kuwa sahihi au kosa, kutegemea vipimo. Bolti ina shingo yenye meno madogo, ambayo hung'ata ndani ya habu ili isizunguke nati inapokazwa. Shingo ikiwa nyembamba kuliko tundu, bolti itazunguka. Ikiwa nene, habu inaweza kupasuka. Na nyundo ikipigwa juu ya habu iliyo kwenye gari, beringi huumia.

Vipimo vitano vya kuulizia

Kwa hiyo anayetafuta bolti ndefu asiende dukani kwa jina la gari pekee. Aende na bolti ya zamani mkononi, na vipimo vitano: unene wa uzi, hatua ya uzi, kipenyo cha shingo yenye meno, urefu wa shingo hiyo, na urefu wote. Vinne vya kwanza lazima vilingane na bolti ya zamani. Cha tano pekee ndicho kinachoongezwa. Mafundi wa kuchonga vyuma wanavyo vyombo vya kupimia hadi sehemu ya kumi ya milimita, na kazi hiyo huchukua dakika chache.

Akiwa na vipimo hivyo, si lazima apate bolti iliyoandikwa jina la gari yake. Inawezekana bolti ya modeli nyingine ya kampuni hiyo hiyo ikalingana kwa kila kitu isipokuwa urefu. Nje ya nchi wapo wanaozitengeneza kwa makusudi, kama ARP wa Marekani na Kyo-Ei wa Japani, na kampuni ya Dorman ya Marekani huorodhesha bolti zake kwa vipimo. Kwa aliyeko Unguja, njia iliyo karibu zaidi ni maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, kwani mzigo wa bolti 20 huingia kwenye mfuko mdogo na kuvuka kwa boti bila usumbufu.

Urefu nao una mpaka. Nati nyingi za rimu za aloi zimezibwa juu kama kofia. Bolti ikizidi urefu, hugusa dari ya nati kabla rimu haijabanwa. Fundi huhisi nati imekaza, kumbe rimu inacheza. Bolti ndefu huenda na nati iliyo wazi, au yenye kina cha kutosha. Aidha, kalio la nati lifanane na la rimu: la mteremko kwa mteremko, la bapa kwa bapa.

Katika kufunga, bolti husukumwa kwa mashine ya kukandamizia, au huvutwa taratibu kwa nati na washa hadi kichwa chake kikae sawasawa nyuma ya habu. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota. Gari nyingi ndogo za Toyota huhitaji takriban nyutonimita 100, kiasi ambacho mtu hukipata akikandamiza kwa uzito wa kilo 20 hivi kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Kuruka juu ya spana ni kuivuta bolti kupita kiasi. Baada ya kilomita 50 hadi 100, ambazo kwa gari ya Kizimbani ni safari chache tu za mjini, nati zikaguliwe tena.

Nafasi kwa mfanyabiashara

Jambo hili lina upande wa pili. Penye upungufu wa kweli pana biashara. Bolti za tairi hazioze, hazihitaji ghala, na zikipakwa mafuta hukaa miaka. Gari yenye mashimo manne hutaka bolti 16, ya matano 20, na ya sita, kama Hilux nyingi, 24. Muuzaji hahitaji kujaza duka. Anahitaji kujua ni uzi gani na shingo gani zinazotumika zaidi katika gari za eneo lake, na kuzipanga kwa vipimo badala ya majina ya magari.

Zaidi ya hapo, muuzaji wa rimu ndiye wa kwanza kujua kwamba bolti hazitatosha. Anayemwambia mteja ukweli huo kabla ya kupokea fedha, na kumuuzia rimu pamoja na bolti na nati zake, hupata faida mara mbili na mteja wa kudumu. Vijana wanaosomea ufundi wa magari katika vituo vya mafunzo ya amali nao wangeweza kulifanya hesabu ya mizunguko kuwa sehemu ya kila kazi ya tairi.

Kwa mkulima, hesabu ni rahisi. Bei ya rimu si ile aliyotajiwa dukani. Ni hiyo pamoja na bolti, nati na ujira wa kuzifunga. Kama fedha haitoshi kwa vyote, rimu za zamani za chuma, zenye kutu na zisizopendeza, bado zina bolti zilizopimwa kwa ajili yake, nazo zitaufikisha muhogo Mwanakwerekwe.