Siku ya Kufunga Vitabu
Kufunga vitabu, tafsiri ya msemo wa Kiingereza uliozoeleka katika matangazo ya Soko la Hisa la Nairobi, hakumaanishi kwamba kampuni inafungwa. Ni siku ambayo daftari la wenyehisa hutazamwa ili ijulikane nani atalipwa gawio. Safaricom ilipofunga vitabu tarehe 31 Julai 2024, kila aliyekuwa daftarini alistahili senti 65 kwa hisa, kabla ya kukatwa kodi, ambayo ni asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru, anayenunua hisa siku yenyewe huwa amechelewa, kwani umiliki huchukua siku tatu za kazi kuhamishwa, jambo linalostahili kuandikwa wazi kwenye kila tangazo. Aliyekuwa tayari daftarini siku hiyo, hata akiuza kesho yake, bado hulipwa gawio hilo.