Daftari la Wiki: Chumba cha Boriti

Jumatatu. Dalali amenipeleka kuangalia chumba cha afisi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili, nyumba iliyomaliza kukarabatiwa. Kabla ya kuuliza kodi nilitazama dari. Huku boriti za mikoko ndizo zinazokata upana wa chumba: mti wenyewe haufiki mbali, basi chumba ni mita tatu hivi, na urefu utakavyo. Anayetaka ukumbi wa meza ishirini asiombe ukuta ubomolewe. Ukuta huo ndio uliobeba boriti.

Nikaupapasa. Baridi, na vumbi jeupe likabaki kidoleni. Chokaa! Nilifurahi, kwa sababu afisi yangu ya mwanzo mwenye nyumba aliipiga plasta ya saruji apate kuta za kung'aa. Jiwe la matumbawe hunywa maji. Chokaa huyaacha yatoke, saruji huyafungia ndani. Masika ya pili plasta ilivimba, ikadondoka mapande mapande juu ya mafaili. Fundi alipochokoa ukuta, ncha za boriti zilimomonyoka mkononi mwake kama mkate mkavu. Mpaka leo inaniuma.

Jumatano. Mkataba una kurasa sita, na mifereji ya paa haikutajwa hata mara moja. Nimeomba vifungu viwili: mifereji isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na kila kiraka kiwe cha chokaa. Bibi mwenye nyumba alivua miwani. "Andika, mwanangu. Wenzio huniuliza kiyoyozi tu."

Intaneti itakuja kwa waya kupitia ngazini. Ukuta wa nusu mita haupitishi mawimbi vizuri.

Alhamisi. Nimepita barabara ya Mizingani, mbele ya Dispensari ya Kale. Mfanyabiashara Tharia Topan aliliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akafa 1891, jengo likamalizika 1894. Miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ililikarabati, na roshani zake za mbao zimesimama. Mbele kidogo ni Beit el-Ajaib, jumba la kale lililoporomoka upande mmoja 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, watu wakafa. Pale siwezi kupita bila kusimama.

Ijumaa. Nimekabidhiwa funguo. Wazee wawili walikuwa wamekaa barazani, bao katikati yao. Mmoja aliuliza kama kibao cha afisi kitawekwa hapo walipo.

"Hapana, mzee wangu. Kitakaa juu ya mlango."

Akasogea, nikapita na meza yangu.