KIWANDANI BADO NI CHAMA KIMOJA



Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, tuliambiwa kwamba siku za kuogopa kusema zimekwisha. Tangu hapo mkazi wa Changamwe, Likoni au Kisauni hupanga foleni na kumpigia kura amtakaye. Lakini avukapo lango la kiwanda, uhuru wake hubaki nje pamoja na baiskeli yake. Mle ndani msemaji ni mmoja tu. Vumbi likimkaba koo, mashine ikizunguka bila kikingio, mzigo ukimvunja mgongo, sharti anyamaze. Maana langoni wapo wengine wanaongoja kibarua hicho hicho.

Twasema waziwazi: ajali na maradhi ya kazini si kudra. Mara nyingi ni matunda ya ukimya uliolazimishwa.

Ushahidi tunao mlangoni petu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi Owino Uhuru, upande wa Changamwe, ukuta kwa ukuta na makao ya watu wapatao 3,000. Moshi na vumbi la madini ya risasi viliingia mwilini mwa wafanyakazi, kisha mwa watoto wao. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, ndiye aliyepaza sauti. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3; NEMA, chombo cha serikali cha kulinda mazingira, kikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu tanuri liwashwe hadi neno hilo la mwisho ilipita miaka 17. Na fidia haiondoi risasi katika mifupa ya mtoto.

Je, hatari hiyo haikuweza kuzuilika? Iliweza. Utaratibu wafahamika dunia nzima. Kwanza, iondoe hatari yenyewe. Usipoweza, tumia kitu kisicho na sumu badala ya chenye sumu. Kisha izuie pale pale itokapo: funika mashine, fyonza moshi tanurini. Kisha punguza saa za mtu kukaa penye hatari. Mwisho kabisa ndipo zije glovu, buti na barakoa. Penye risasi, vumbi lisafishwe kwa maji, lisifagiliwe kavu; mtu asile penye kazi; aoge na abadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, asije akampelekea mwanawe sumu; damu yake ipimwe mara kwa mara, naye aambiwe majibu.

Waajiri wengi huanzia mwisho. Hugawa barakoa ya kitambaa na pakiti ya maziwa, wakasema wametimiza wajibu. Barakoa hiyo haizuii moshi wa risasi, wala maziwa si dawa yake. Sheria ya Musa ilimwagiza ajengaye nyumba azungushie paa ukingo, ili asianguke mtu. Amri ile ilimlenga mwenye nyumba. Haikuridhika na kumwonya mgeni atembee kwa uangalifu.

Sheria yetu nayo haina upungufu mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yamruhusu mfanyakazi kuondoka penye hatari kubwa na kutoa taarifa, wala asirudishwe hadi hatari iondolewe. Yakataza kumwadhibu aliyelalamika. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chamhakikishia mazingira ya kazi yanayofaa. Lakini kibarua wa siku hafukuzwi. Huambiwa tu kwamba kesho hakuna kazi. Hapo ndipo sheria hugeuka karatasi.

Kwa hiyo twadai haya. Kamati za usalama zichaguliwe na wafanyakazi wenyewe, vibarua wakiwemo, wala zisiteuliwe na meneja. Wakaguzi wa serikali wafike bila kubisha hodi, na ripoti zao zibandikwe langoni. Ninyi wanaharakati, iulizeni kila kampuni kamati yake iko wapi. Nanyi waumini, msingoje kuitwa mazishini: kusanyeni malalamiko ya wale wasioweza kuyatia sahihi, myapeleke kwa jina la kanisa zima. Mtu mmoja hufukuzwa; kanisa zima halifukuzwi.

Mageuzi yaliyoishia kwenye sanduku la kura ni nusu ya mageuzi. Nusu ya pili ingali nje ya lango la kiwanda, nasi hatutaondoka hapo hadi iingie.